Tawi Juu ya Vigae

Mwinjuma mkata miti alipomaliza kupogoa miembe, Bwana Shekalaghe aliikalia ngazi yake.

"Huondoki nayo mpaka uusafishe na mwarobaini ule, bure."

"Haya, tajiri. Niazime kamba ya mbuzi."

Akaparamia mwarobaini uliofunika paa jipya, akapotelea majanini. Msumeno ukalia kidogo. Akashuka na ncha ya kamba.

"Tawi nimeshalikata, linaning'inia kwa kamba hii tu. Lishikilie nikamwite mwenzangu. Ukiachia, kwaheri vigae."

Shekalaghe akainuka mbio, akaing'ang'ania kamba kwa mikono miwili. Aliiona ngazi ikitoka getini begani mwa Mwinjuma, lakini hakuthubutu kuachia.

Jioni mkewe alitoka nje. "Baba Zuhura, unavuta nini?"

"Nazuia tawi."

Mkewe akaangaza juu. "Tawi gani? Kamba ya mbuzi wangu imefungwa kwenye shina."