Kitambaa cha Bi Nuzha

Wanasimulia waliotutangulia, na Allah ndiye mjuzi zaidi, kwamba zamani huko Andalusi, nchi ilipokwisha kuangukia mikononi mwa wafalme Wakatoliki, kulikuwa na mjane mcha Mungu akiitwa Bi Nuzha, msokotaji wa nyuzi za hariri. Wafalme wale waliapa kuwaachia Waislamu dini yao. Kiapo hakikufika mbali. Msikiti wa mtaa ukatiwa kufuli, adhana ikapigwa marufuku. Basi Bi Nuzha, kila wakati wa swala ukiingia, anatundika kitambaa cheupe dirishani. Mtaa mzima unakiona, watu wanasali majumbani kimyakimya.

Mwanawe wa pekee, Mundhiri, yeye kimya kilimshinda. Alipanda juu ya paa akaadhini. Liwali wa wafalme wale akamtia ndani siku arubaini. Alitoka mzima, akala, akacheka. Miezi miwili baadaye homa ikaingia mjini, ikamchukua.

Mwaka ule ule akaja mjumbe wa Sultani wa Misri kuwatazama Waislamu wa kule. Wafalme hawakutaka kabisa kukosana na Misri, maana watawa wao walikuwa wanakaa Yerusalemu, chini ya mkono wa Sultani. Mjumbe akasema atauliza watu mwenyewe, na ataanza na mama wa yule aliyeadhini.

Asubuhi Faraji, mwashi, jirani wa Bi Nuzha, akamwendea.

"Dada yangu, leo ndiyo leo. Sema walimuulia gerezani."

"Alifia mapajani mwangu, kaka Faraji. Na kaburi ulichimba wewe."

"Nani atajua? Misri wakikasirika, hawa watafungua msikiti mbio. Kwani wao wametudanganya mara ngapi?"

"Nyingi."

"Sasa wewe moja tu ndiyo inakukaba?"

Bi Nuzha akajitanda ushungi, akatoka. Njia nzima alilionja lile neno mdomoni: walimuua. Wallahi lilikuwa tamu. Mundhiri angeitwa shahidi, na yeye mama wa shahidi.

Barazani liwali kakaa na mkalimani wake sikioni. Mjumbe akauliza kwa upole, "Mama, mwanao aliuawa? Ukisema ndiyo, watawa wa Yerusalemu watatiwa pingu."

Bi Nuzha akawafikiria watu wale asiowajua. Nao walizaliwa na mama.

"Hapana, bwana wangu. Alikufa kwa homa. Homa hiyo hiyo ilimchukua binti wa liwali."

Liwali akashusha pumzi.

"Sijamaliza," akasema Bi Nuzha. "Kabla ya hapo walimfunga siku arubaini kwa kosa la kuadhini. Msikiti wetu una kufuli. Waliapa, na kiapo hawakutimiza."

"Mwongo huyu," liwali akadakia.

Mjumbe akamgeukia. "Amekataa kukusingizia damu ya mwanawe. Atakusingizia kufuli?"



Mtaani, lakini, salamu zilikatika. Faraji alimwambia, "Umetuuza kwa watawa," akampa mgongo. Kitambaa aliendelea kutundika, ila watu walifunga madirisha wasikione. Miezi mitatu akawa anamtundikia Mola wake peke yake.

Kumbe mjumbe aliyaandika maneno yale kama yalivyo, akawasomea wafalme, nao hawakupata pa kukanushia. Ikaja barua, kufuli likatolewa. Adhana hawakuirudisha.

Ijumaa ya kwanza Faraji akaja kusimama chini ya dirisha, kavaa kanzu safi, macho chini.

"Dada yangu, kitambaa leo umekichelewesha."

"Jua halijapinduka, kaka Faraji. Likipinduka nitakitundika."

"Haya. Nasubiri," akasema, akakaa kizingitini.

Ndugu zangu, kumwambia adui ukweli ni ushujaa, na wengi tunauweza tukipandwa na hasira. Kazi ni kumsemea adui ukweli siku ambayo uongo ungekufaa wewe. Mjumbe alimwamini mama yule juu ya kufuli kwa sababu alikuwa mkweli juu ya kaburi. Mola atujaalie ulimi kama ule.