Choo Kisichopigwa Picha

Shekue, dalali wa nyumba mjini Tanga, alijisifu kwa jambo moja tu: hakuna dalali aliyemzidi ujinga wa simu.

Siku moja Alhaji Mbaruku, mwenye nyumba nane, alimwita. "Nyumba ya Chumbageni ipate mpangaji kabla ya Ijumaa. La sivyo, funguo zangu zote nampa dalali mwingine."

"Choo kimeziba, Alhaji. Watu wakikiona wanakimbia."

"Basi usikipige picha! Teknolojia ni ya nini?"

Shekue akapiga picha sebule, akapiga jiko, akapiga na kidole chake mwenyewe mara mbili, kisha akarusha tangazo mtandaoni.

Kesho yake Alhaji alimpigia akiwaka. "Mbona umeweka namba yangu? Tangu alfajiri wamenipigia watu ishirini na sita, na wote wanaulizia choo!"

"Mungu wangu! Nisamehe, Alhaji, simu hizi zinanishinda."

"Futa tangazo!"

"Kufuta ndiko sijui kabisa."

Alhaji akasonya. Adhuhuri akaleta fundi bomba, jioni choo kikapigwa picha, na Alhamisi mpangaji akahamia.

"Ujinga wako una bahati," Alhaji alimwambia. "Lakini kajifunze simu."

"Nitajifunza, Alhaji."

Alipofika nje, Shekue alifungua kikundi cha WhatsApp cha madalali wa Tanga, alichokianzisha yeye mwenyewe, akaandika: "Wenzangu ishirini na sita, ahsanteni kwa kupiga. Nani mwingine ana mwenye nyumba mbishi?"