Kwa Nini Mkate wa Safari Huwekewa Makaa Juu

Wajukuu zangu, mmeniuliza kwa nini mkate wa safari tunauwekea makaa chini, kisha tunapanga mengine juu ya kifuniko, na kwa nini ninawapiga vikofi kila mkitaka kuchungulia. Nitawaeleza. Mwenye haraka na akalale, maana haraka haraka haina baraka, na kwenye mkate ndiyo haina kabisa.

Zamani hizo, dunia ilipokuwa bado mbichi, moto ulikaa chini tu. Watu walimimina unga chunguni, wakateleka juu ya mafiga, na mkate ukaungua chini huku usoni ukibaki rojorojo. Uliliwa hivyo hivyo siku ile ile, kwa kuwa kesho yake ulikuwa umechacha na keshokutwa umeota ukungu. Basi hakuna aliyekwenda mbali. Msafiri alitembea mpaka mkate wake ulipoanza kunuka, akageuka, akafika kwao tumbo limeshikana na mgongo. Watu wa mji wa Tundani waliamini kwamba dunia inaishia pale mkate unapoharibika.

Ikatokea kisima cha Tundani kikaingia chumvi. Watoto wachanga wakaanza kukauka midomo, na mama zao hawakuwa na maziwa ya kuwapa. Ng'ambo ya nyika ulionekana mlima ambao wingu halikuwahi kubanduka kichwani mwake, na kila mtu alijua kwamba chini ya wingu kama lile maji hayakosekani. Wanaume wakaenda. Wengine walirudi na njaa, wengine hawakurudi kabisa, na miongoni mwa hao alikuwamo mume wa mwanamke aitwaye Mwanarusi.

Mwanarusi alibaki na binti mmoja tu, Somoe, msichana mwenye miguu mirefu na kichwa kigumu cha baba yake. Watu walipokutana kuulizana nani aende tena, Somoe akasimama. "Nitakwenda mimi," alisema. Mama yake hakumzuia, ila alimshika mkono. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Enda," alimwambia. "Lakini hutoki mlangoni kwangu na mkate wa kukuua njiani."

Akaingia jikoni. Akaroweka mchele, akautwanga, akautia tui zito na asali na iliki, akauumua kwa tembo la mnazi mpaka ukafanya mapovu. Akaoka. Chini ukaungua, juu mbichi. Akaupunguzia moto, ukalala kama kiatu. Akaugeuza, ukavunjika. Kila mara alimwaga, akaanza upya, hata mchele wa nyumba nzima ukaisha, ukabaki wa chungu kimoja tu.

Hapo Mwanarusi alikichukua kile chungu cha mwisho, akakitoa uani pamoja na mafiga na makaa yake. Jua lilikuwa la utosi. Akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya: aliinua uso akalitazama Jua, machozi yakimchuruzika.

"Wewe unatuanikia samaki na mpunga," alisema. "Moto wako uko juu, wangu uko chini, na katikati yake yumo mwanangu. Nisaidie."

Wajukuu zangu, Jua likashuka. Nasema likashuka, wala sitanii. Vivuli vilijikunja vikaingia chini ya nyayo za watu. Kuku wakapanda vichanjani, mbuzi wakapiga magoti, na waliokuwa wakitwanga wakaacha michi hewani. Kadiri lilivyokaribia ndivyo lilivyozidi kuwa dogo, mpaka likawa kiasi cha makaa ya upawa mmoja, likatua polepole juu ya kifuniko cha chungu cha Mwanarusi. Mbingu yote ikawa nyeusi, nyota zikatoka mchana. Katika dunia nzima palibaki mwanga mahali pamoja tu, uani kwa mjane mmoja anayeoka mkate. Watu walikusanyika ukutani wakitazama.

Lakini wanawake wa Tundani walikuwa na desturi yao. Mkate ukiwa motoni, walifunua na kudonoa kwa kidole kila mara, kwani mwoka mikate asiyedonoa alihesabiwa mvivu. Harufu ilipoanza kupanda, mkono wa Mwanarusi ukanyanyuka wenyewe kuelekea kwenye kifuniko. Angekifunua, angeliangusha Jua chini. Somoe akamdaka mkono.

"Mama, acha."

"Mkate utaungua, mwanangu! Ndio wa mwisho huu!"

"Ukiungua nitaula umeungua. Acha, mama."

Mwanarusi akaikalia mikono yake. Aliikalia huku akilia, asijue kama ndani ya chungu kile mna uhai wa mwanawe au kifo chake, na hakufunua.

Kisha Jua likanyanyuka, likarudi mahali pake. Juu ya kifuniko likaacha makaa machache mekundu. Mwanarusi akafunua, na kwa mara ya kwanza binadamu wakaona mkate ulioiva pande zote, uso wake wa rangi ya dhahabu, mkavu nje na laini ndani. Somoe akaufunga kwa kitambaa, akaingia nyikani, akapita pale dunia ilipodhaniwa kuishia. Mkate haukuchacha. Mwezi ulikufa, mwingine ukaandama, ndipo akarudi na kibuyu cha maji matamu na habari za mto. Watoto wa Tundani walikunywa, wakapona.

Siku chache baadaye vijana wote wakajaa uani kwa Mwanarusi, kila mmoja na mchele wake, wanataka mikate ya kwendea mbali. Mama zao wakasimama nyuma wakiwa wameinamisha vichwa. Walikuwa wamefahamu. Mmoja akasema, "Heri ule wa zamani. Ulipoharibika uliturudishia watoto wetu."

"Uliwarudisha na njaa," Mwanarusi akamjibu, naye machozi yanamtoka. "Leteni makaa."

Wakaleta. Na tangu siku hiyo mkate wa safari huokwa kwa moto wa chini na moto wa juu, na hakuna anayefunua kabla ya wakati wake. Na kila mama anayeuoka anajua vizuri kwamba unavyozidi kuiva ndivyo mwanawe atakavyofika mbali naye. Hata hivyo huongeza kaa jingine juu ya kifuniko, kisha huikalia mikono yake.