Kidato Kilichokosekana Katika Pindo

Wametupokeza wasimulizi wa zamani, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyo sahihi, kwamba katika mji wa Sarifa, uliokuwa kituo cha misafara, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bi Raita binti Shibli. Alikuwa mshonaji. Sindano yake haikugusa kitambaa kabla ya bismillahi, na watu walitania kwamba kanzu iliyotoka mkononi mwake humzika mwenye kuivaa. Alizaa watoto wanne, akawazika wote wanne, na hakusikiwa akisema ila alhamdulillahi.

Mwaka mmoja vita viliiangukia milima ya Dhakwan. Waliofika Sarifa walikuwa watoto peke yao, thelathini na wanane, juu ya punda wa misafara, wakubwa wamewapakata wadogo, hakuna mama wala baba. Watu wa Sarifa, Mungu awalipe, hawakufunga lango. Hawakuitisha baraza la kujadili hawa ni mzigo wa nani. Nataka jambo hili likumbukwe, maana punde nitawalaumu.

Sarifa ilikuwa na ada ya ukarimu. Mgeni akifika na vumbi la safari alivuliwa nguo langoni, akaogeshwa, akavikwa mpya, na zile kuukuu zikatiwa katika tanuri la mikate. Walisema: "Taabu ya mgeni isilale mjini kwetu." Tajiri mwenye ngamia saba aliipenda ada hiyo, na ana haki, jina lake analijua, na kwao anajulikana. Lakini mtoto wa miaka mitatu je? Walivuliwa, wakanyolewa, wakavikwa, nguo zao zikawa majivu. Na kwa kuwa wadogo walilia tu bila kusema, wakapewa majina mapya, majina mazuri yenye heri. Nani aliwauliza? Hakuna aliyewauliza.

Aliyewavua nguo langoni ni Bi Raita mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewashonea mpya. Alipofika kwa kitoto kimoja cha kike, aliona katika pindo la kikanzu chake mshono wa sufu ya kijani: ngazi ndogo saba zimepangana, na ngazi ya tano imekosa kidato kimoja. Akautazama kwa jicho la fundi. "Mkono mzuri," alisema, "ila hapa ulikosea." Kisha akaitupa kanzu motoni. Akamchukua yule mtoto nyumbani kwake, akamwita Tuhfa, kwa kuwa alimwona ni zawadi kutoka kwa Mola wake. Haukupita mwezi mtoto akamwita Mama.

Ikapita miezi. Akaja mtu mwenye kilemba safi, na mashahidi wawili, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba wawili katika wale watoto ni wa ndugu yake. Kadhi Yaqdhani, aliyekuwa mwadilifu, alikiheshimu kile kiapo, akampa. Baadaye msafara ukaleta habari: watoto wale wameonekana katika soko la mbali, wakiuzwa. Mji ulilia. Kadhi alifunga siku sitini, na akatoa hukumu: "Hatoki mtoto Sarifa kwa kiapo kitupu. Anayemdai na alete alama iliyo wazi, na mwadilifu wa mji huu aishuhudie."

Hukumu nzuri. Naiunga mkono mpaka leo. Lakini subirini kidogo: alama gani, na wao walikwisha kuzichoma zote? Hakuna aliyeliwaza hilo, mpaka alipofika Hamdana.

Alikuwa mwanamke kijana, miguu imepasuka kwa mwendo, kutoka Dhakwan. Aliingia barazani kwa kadhi wakati wa dhuha, akamwona yule mtoto amesimama nyuma ya Bi Raita, akaanguka kwa magoti.

"Nuwayra! Ni uso wa dada yangu! Mimi mama yako mdogo!"

Mtoto akajificha ndani ya buibui la Bi Raita. "Mama, simtaki huyu."

Watu wakanong'ona. Kadhi akasema kwa upole, "Bibi, hata mtoto hakutambui. Alama yako?"

"Alikuwa na miezi tisa nilipoolewa bonde la pili, angenitambuaje? Alama yangu ni kanzu yake. Marehemu dada yangu aliishona, na kwetu kila mama ana mshono wake katika pindo. Nileteeni kanzu, nitawaonyesha."

Kisha muuza mikate akasema, "Ilichomwa, bibi. Zote zilichomwa."

"Zilichomwa? Na nani?"

"Na sisi. Ni ada yetu kumkirimu mgeni."

Hamdana aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Mmechoma alama, kisha mnanidai alama?"

Mzee mmoja akacheka. "Ahaa, huyu mjanja! Sasa kila mwizi wa watoto atatuambia alama iko majivuni."

"Baba, kama ningekuwa mwizi," alisema Hamdana, "ningekuja na mashahidi wawili na kilemba safi. Si ndivyo mnavyopenda?"

Kadhi akainamisha kichwa, kwa kuwa neno lile lilimpata yeye. Akauliza, "Je, yupo aliyeiona kanzu ya mtoto huyu kabla ya kuchomwa?"

Bi Raita hakujibu. Inapokewa kwamba ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akaomba ruhusa mpaka alasiri, akapewa.

Akaenda nyumbani, akaswali rakaa mbili, akamwomba Mola wake amwonyeshe lililo kheri. Hakuonyeshwa kitu. Hakusikia sauti, moyo haukutulia upande wowote. Kila alilolishika lilimgeukia. Akasema: huenda bonde lao lote linashona ngazi, basi mshono si ushahidi. Akasema tena: wale wawili waliuzwa kwa sababu tuliamini upesi, je, nami niamini upesi? Halafu akajiuliza: hii ni tahadhari, au ni tamaa yangu imevaa kilemba cha tahadhari? Akamtazama Tuhfa akicheza na mabaki ya vitambaa. Hakujua. Mwanamke aliyeswali miaka arobaini, hakujua alipo, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta milango imehamishwa. Mwisho akasema, "Ee Mola, sijui huyu mwanamke ni nani. Najua nilichokiona tu. Nitasema nilichokiona, na nisilolijua nakurudishia Wewe."

Alasiri alirudi barazani na vipande viwili vya kitambaa, sindano mbili na uzi wa sufu ya kijani.

"Ewe Kadhi," alisema, "kanzu ile niliiona mimi. Mimi ndiye niliyeitia motoni. Uliuliza, nami sikusema, na kunyamaza kwangu asubuhi ya leo nakutubia. Nitashona nilichokiona, nikupe wewe ukifunike. Kisha huyu naye ashone. Asinitazame, nami nisimtazame."

Watu walistaajabu. Huyu ndiye waliyemsifu mimbarini kwa wema wake kwa wageni, naye anajishitaki!

Akakaa, akashona ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alipofika ya tano sindano ikasimama. Ndugu zangu, hapa ndipo penyewe. Kidato kimoja tu. Angekishona, nani angejua? Kanzu ni majivu, aliyeishona yuko kaburini. Fundi mzuri hukamilisha ngazi yake, na watu wangesema mkono wake umezoea ukamilifu. Kidato kimoja, na mtoto angebaki kumwita Mama mpaka siku ya kufa kwake. Akasema, "Audhubillahi." Akakiacha kidato kitupu, akamaliza ngazi mbili zilizobaki, akakitoa kitambaa.

Hamdana akashona kwa kasi, machozi yakimdondokea juu ya uzi. Kadhi akaviweka vipande viwili juu ya goti lake. Ngazi saba, na ngazi saba. Ya tano hapa imekosa kidato. Na ya tano pale imekosa kidato.

"Kwa nini hukukimaliza hiki?" Kadhi alimuuliza Hamdana.

"Dada yangu ndiye hakukimaliza; aliishona kubwa, mtoto aikulie. Uchungu wa kumzaa huyu ulimshika hapo. Alipopona nikamwambia rudi ukijaze, akakataa. Alisema: mwache ajue alinikatiza kazi."

Kadhi akalia mpaka ndevu zikalowa, akahukumu kwamba mtoto ni wa Hamdana.

Lakini mtoto alipiga kelele akamng'ang'ania Bi Raita, na Hamdana aliponyoosha mikono akang'atwa kidole. Baraza likavurugika tena. Haki imepatikana, na mwenye haki yake hamtaki! Ndipo Bi Raita akasema, "Bibi, mtoto si jino la kung'olewa kwa siku moja. Njoo ukae kwangu. Akikuzoea, nendeni."

"Na asiponizoea?"

"Tutasubiri. Nawe unijulishe mama yake alimwimbia nini."

Hamdana akakaa siku arobaini na tatu. Kila siku Bi Raita alimwita mtoto kwa jina lake, Nuwayra, ingawa kila alipolitaja lilimchoma. Walipoondoka alimvisha kanzu mpya, na katika pindo ngazi saba za kijani kama alivyozikuta, bila kuongeza chake.

Tangu hapo Sarifa waliweka sanduku langoni. Nguo ya mtoto mkimbizi ilifuliwa, ikakunjwa, ikahifadhiwa, na mtoto aliulizwa jina lake kabla ya kupewa mkate.

Tuzingatie basi, enyi waumini. Tunapenda kuwapokea wanaokimbia, na tunapenda zaidi wafanane nasi upesi, ili machozi yao yasituchafulie nyumba. Mtoto wa watu ni amana, na amana hurudishwa pamoja na pindo lake na kasoro iliyomo. Bi Raita alirudisha, Mungu amrehemu. Lakini wale wawili waliouzwa sokoni nao walifika Sarifa na kanzu, na katika mapindo yao mlikuwa na mshono wa mama fulani. Hakuna aliyeutazama, na hatujui mpaka leo ulikuwaje.