Mlima Ni wa Asubuhi

Mkulima mwenye njaa hulima kwa jembe lililo mkononi, hata kama mpini umepasuka. Anayezunguka madukani akipima majembe huku mvua inanyesha ataishia kuomba unga kwa jirani. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba mchagua jembe si mkulima. Salesio wa Ruiri aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na aliweza kuieleza bila kukwama. Kuieleza ni kazi rahisi.

Salesio alikuwa kifungua mimba wa mjane aliyeitwa Kiende. Katikati ya miaka ya tisini, alipomaliza kidato cha nne na kazi ikawa haionekani, alikwenda kujifunza upigaji picha kwa Ndambiri. Mzee huyo aliwapiga picha wachuuzi wa soko la Gakoromone mbele ya marundo yao ya kabeji na ndizi, akawaletea siku ya soko iliyofuata. Alimpa mwanafunzi wake kamera kuukuu iliyobanduka ngozi, ikiwa tayari na filamu ndani.

"Hii imenilisha miaka mingi," Ndambiri alisema. "Enda nayo nyumbani. Piga mama yako, piga ng'ombe, piga hata mlango. Bana viwiko kwa mbavu ndiyo isitikisike. Na ushike hili: mlima ni wa asubuhi. Hapa kwetu kila mtu anataka Mlima Kenya uwe nyuma yake kama kwa kalenda. Asubuhi jua linamulika mlima na uso wa mtu pamoja. Jioni linashukia huko huko nyuma, na mtu anabaki kivuli. Filamu ikiisha, lete tusafishe, tuone makosa yako. Hapo ndipo utajua kazi."

Salesio aliitikia kwa kichwa. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile, kwa maana moyo wake ulikuwa kwenye dirisha la studio moja mjini Meru. Mle ndani mlikuwa na kamera mpya yenye lenzi ndefu, imewekwa juu ya kitambaa chekundu kama bibi harusi.

Kesho yake asubuhi alisimama uani kuijaribu ile kuukuu. Mama yake alikuwa akimjia na kikombe cha uji.

"Shika kabla haujapoa," Kiende alisema.

Salesio akabonyeza bila hata kulenga. Kamera ikakwaruza kama mlango wa ghala.

"Na hii nayo ni kamera?" akacheka kwa dharau. Akaitundika kwenye msumari ukutani, na hapo ikakaa ikila vumbi.

Kiende alikuwa na haja moja tu. Hakuwa na picha yake ila ile ya kitambulisho, ambamo alionekana kama mtu aliyeshtakiwa wizi. Kila Jumapili, akishavaa gauni la buluu na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, alisimama mlangoni akimtazama mwanawe.

"Salesio, si unipige moja? Mlima uko wazi leo."

"Mama, hiyo ni takataka. Ngoja nipate ya maana, nikupige mpaka kanisa lote lishangae."

"Mimi sitafuti ya kanisa. Nataka ya ukutani. Wajukuu wakija wajue nyanya yao alikuwa nani."

"Ngoja kidogo tu, mama."

Mama akangoja. Ndambiri naye alingojea filamu. "Kwani umeilalia kama kuku?" alimwuliza siku moja sokoni. Salesio akajibu kwamba kwa kamera ile hata fundi angeshindwa. Mzee akaendelea kupiga picha zake.

Mvua za pili zilipofika, Kiende alianza kuumwa tumbo. Alikonda hadi gauni la buluu likamning'inia mwilini. Zahanati ikamwandikia aende hospitali kubwa, na binti yake Kajuju akapanga waondoke alfajiri kwa gari la maziwa. Jioni ya kuamkia safari, binamu yao Njura alifika kutoka Nanyuki kumjulia hali shangazi yake. Shingoni alikuwa na kamera yenye lenzi ndefu, pacha wa ile ya dirishani. Salesio aliiomba kabla hajamkaribisha chai.

"Mama, leo ndiyo leo. Vaa."

Kiende alivaa. Kajuju alimfunga kitambaa, akampaka mafuta usoni, akamshika mkono hadi uani. Wingu lililoficha mlima mchana kutwa lilikuwa limepasuka, kilele kikatokea, na jua lilikuwa likishuka kando yake. Salesio akaiona ile picha ya kalenda. Akamsimamisha mama yake, mgongo kwa mlima.

"Hilo jua halikuumizi macho?" Kajuju aliuliza.

"Kamera kama hii haishindwi na jua."

Kiende akatabasamu. Alitabasamu kwa nguvu zote alizokuwa amebakiza, tena na tena, hadi filamu ikaisha. Kisha akasema amechoka, akaomba arudishwe kitandani.

Hospitali haikumrudisha akiwa hai.

Salesio alikimbiza filamu mjini kabla ya mazishi. Katika kila picha mlima ulipendeza, na mbele yake palisimama umbo jeusi lililofunga kitambaa. Uso haukuwapo. Ikabidi juu ya jeneza iwekwe ile ya kitambulisho, ikiwa imekuzwa hadi ikawa ukungu. Mama mmoja wa kanisa alinong'ona, "Wala hafanani naye." Salesio alisikia, akatamani ardhi immeze.

Baada ya maziko, Ndambiri aliitaka kamera yake. Aliipangusa vumbi, akaona filamu imetumika mara moja tu, akaondoka nayo. Siku ya soko, Salesio alipomfuata Gakoromone, mzee alimpa picha. Ulikuwa mkono wa Kiende umeshika kikombe cha uji. Mvuke ulionekana, na kovu la panga kwenye kidole gumba, na nyufa za ngozi moja moja. Uso ulikuwa umeachwa nje, kwa kuwa aliyebonyeza hakulenga.

"Kamera ilikuwa nzima," Ndambiri alisema kwa upole. "Na asubuhi ilikuwa nzuri."

Salesio alilia pale pale, mbele ya wauza kabeji.

Picha hiyo ingali ukutani kule Ruiri. Watoto wa Kajuju huuliza ni mkono wa nani, nao huambiwa ni wa nyanya yao.

"Alikuwa anafanana aje, mjomba?"

Salesio huutazama mkono ule, kisha hutoka nje. Mara nyingi huwa ni asubuhi, na mlima uko wazi, na uani hakuna mtu. Hakika, mchagua jembe si mkulima.