Mbweha Aliyelia Kaburini kwa Bi Kisima

Hadithi, hadithi!

Na ije, masikio tumeyatega!

Hapo zamani za kale alikufa tembo mkongwe, Bi Kisima. Sifa zake zilivuka milima. Kiangazi kikikausha mito, yeye ndiye aliyekanyaga mchanga akasema, "Chimbeni hapa," na maji yakatoka.

Tembo wenzake wakamzika kwa udongo na matawi. Binti yake, Siwema, alikuwa mjamzito. Akaapa, "Mama, nitamleta mwanangu akuguse taya, kama ulivyonipeleka mimi kwa bibi." Maana mtoto wa tembo asipogusa taya la mkubwa wake kwa mkonga, hajaingia ukoo.

Mila yao nyingine ni hii: anayelia kaburini haulizwi, wala hatazamwi. Hupewa mgongo, alie mpaka atosheke.

Akaja Mbweha. "Uuwi! Bibi yangu mie! Umeniacha na nani?"

Siwema akampa mgongo. Mbweha akafukua, akaenda na mfupa wa mguu.

Akaja tena. "Uuwi! Bibi yangu mie!" Siwema akampa mgongo. Mbweha akaenda na ubavu.

Mara ya tatu alilia mpaka Siwema naye akalia. "Pole, kaka," akasema bila kugeuka. Mbweha akaenda na taya.

Huko nyikani akatangaza, "Mfupa wa Bi Kisima! Ukiwa nao, kiu huijui!" Wanyama wakagombania. Wajinga wale!

Mtoto akazaliwa. Siwema akamleta kaburini, akaondoa matawi. Akaona shimo.

"Mama, bibi yuko wapi?"

Siwema akaufuata uvumi wa mfupa wa maji. Akaenda kwa Nyati.

"Chukua mguu wako, shemeji," Nyati akafoka. "Haujatoa hata tone!"

Akaenda kwa Pundamilia, akapewa ubavu.

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri akainama. "Taya nililisaga, dada. Nikalinywa. Na kiu ninayo vilevile."

Siwema akaketi chini. Mtoto akanyoosha mkonga, akapapasa hewa.

Basi tembo wakaweka walinzi makaburini, na wanyama wengine wakaiga. Mwaka ule ule mama yake Mbweha akafa. Mbweha akalia kaburini, safari hii kweli.

"Onyesha mikono!" Nyati, aliyekuwa zamu ya ulinzi, akamkemea.

"Jamani, ni mama yangu!"

"Na yule alikuwa bibi yako!"

Akalia huku anatazamwa. Siwema alitaka kumpa mgongo, miguu ikakataa.

Kesho yake Siwema akaenda kumlilia mama yake. Walinzi wakamkodolea macho, tangu mkonga mpaka nyayo. Akayameza machozi, akamshika mwanawe, akarudi.

Nasema bila kuzunguka: mwizi wa kaburi haibi mifupa tu. Huwaibia wafiwa wote mahali pa kulilia, na yeye mwenyewe akiwemo.

Hadithi nimeitua chini. Mwenye mabega aibebe.