Ngazi Tatu za Ukuta wa Ngome ya Kiundwani

Zamani, ngome ya Kiundwani ilipokuwa bado mwamba mtupu unaopigwa na mawimbi, kila fundi wa mji wetu alipima kwa mkono wake mwenyewe. Dhiraa moja ilianzia kwenye kiwiko ikaishia kwenye ncha ya kidole cha kati, na hakuna aliyeuliza kiwiko cha nani. Fundi aliyeanza nyumba ndiye aliyeimaliza, kwa hiyo kuta zake zilikubaliana.

Kisha wakaja wageni wenye mizinga, nao wakataka ngome. Kapteni wao alichora mraba wenye buruji nne, minara ya mizinga, moja kila pembe, akaagiza ukuta wa baharini uwe na kimo cha dhiraa ishirini. Mawe yalikatwa mwambani, chokaa ikachomwa kwa matumbawe na magogo ya mikoko. Kazi ilikuwa kubwa mno kwa fundi mmoja, basi ikagawanywa. Fundi Famau, mtu mrefu wa mtaa wa juu, alianzia kaskazini. Fundi Shekuwe, mfupi mwenye kifua kipana, alianzia kusini. Katikati waliacha pengo la kupandishia mawe kutoka ufukweni.

Mwana Mize alikuwa dada yake Famau na mke wa Shekuwe. Kila adhuhuri aliwapelekea chakula katika sinia moja, akawakuta mashemeji hao wakitaniana.

"Shemeji, leo umepanda mwenyewe au bado unatafuta wa kukubeba?" Famau alikuwa akiuliza.

"Mimi najenga. Wewe unauegemea tu usianguke."

Mize alicheka nao. Ukuta ule aliuhesabu kuwa wake mara mbili.

Ikapita miaka miwili. Siku ya kuziba pengo, majukwaa ya miti yaliondolewa, na mji mzima ukaona: upande wa Famau uliuzidi upande wa Shekuwe kwa kimo cha paja la mtu mzima.

"Umepunja," Famau akasema, na safari hii hakuwa akitania.

"Nimehesabu ishirini. Wewe umeongeza, ili ukuta ufanane na mwenyewe."

Kapteni hakujali ugomvi wao. Yeye aliona hiana: mahali pa adui kupandia, pameachwa makusudi. Aliwafungia mafundi wote wawili ndani ya buruji mojawapo ya ngome waliyoijenga, akatangaza kwa kinywa cha mkalimani kwamba merikebu ikifika, baada ya siku saba, itawachukua ng'ambo, wala hawatarudi.

Siku tatu Mize alipeleka chakula katika sinia mbili, maana hawakutaka tena kula pamoja. Siku tatu alimsikia kila mmoja akiapa kwamba alihesabu ishirini. Kaka yake hakuwa mwongo. Mumewe hakuwa mwongo. Hilo ndilo lililomnyima raha, kwa sababu ukuta nao haukusema uongo.

Siku ya nne jirani yake, Bi Mwanate, alikuja kumpa pole, akakaa jikoni, akaugua.

"Na Famau akichukuliwa, nani atakwenda kuninunulia kaniki? Kwa mkono wake ule, dhiraa nane zinanitosha mpaka na ushungi."

"Mtume Shekuwe," Mize alisema bila kufikiri.

"Shekuwe! Alininunulia mara moja, dhiraa nane hizo hizo. Nilitembea magoti nje mwaka mzima!"

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. Mize akaepua, akajitanda, akaenda ngomeni bila kumuaga mgeni wake.

Kapteni alimcheka kwanza. Mwanamke aliyekuja kuzungumzia kuta! Lakini Mize hakuondoka mlangoni, na mwishowe mafundi wakaletwa, wakaambiwa waweke viwiko mezani, bega kwa bega, viganja vimenyooshwa. Kidole cha Famau kilikipita cha Shekuwe. Mize akaweka vidole vyake juu ya tofauti hiyo. Vilienea viwili.

"Vidole viwili, mara ishirini?"

"Arobaini," mkalimani akajibu.

"Twendeni juu tukapime."

Kapteni akanyoosha mkono wake ili apime yeye. Mize akauzuia.

"Vidole viwe vyangu, vile vile nilivyopimia mezani. Tumekwisha kuona mikono miwili inavyotufanya."

Alipima mbele ya askari na mji mzima, akihesabu kwa sauti. Kidole cha arobaini kiligusa ukingo, wala hapakubaki hata nafasi ya kupitisha ukucha.

Kapteni aliwafungulia mafundi. Kisha akaleta fimbo yake ya chuma, akaamuru kwamba kazi iliyobaki ipimwe kwa hiyo.

"Mwambie," Mize akamwambia mkalimani, "siku atakayoondoka ataondoka na chuma chake. Ukuta utabaki kwetu."

Mkalimani akasita, kisha akayatafsiri maneno yote. Kapteni akairudisha fimbo chumbani kwake.

Chokaa ilikuwa imekwisha kushikana na mawe, na kuubomoa upande mmoja kungeupasua wa pili. Kwa hiyo walikata kijiti cha mkoko sawa na mkono wa Mize, na kwa kijiti hicho wakajenga ngazi za kuunganisha pande mbili. Wako wanaosema ni nne. Ni tatu.

"Vidole viwili tu, shemeji," Shekuwe alisema wakikoroga chokaa, "na maringo yote yale!"

Wakala sinia moja.

Na kuanzia hapo, Kiundwani hauchimbwi msingi kabla ya kukatwa kijiti sawa na mkono wa mwanamke atakayekaa katika nyumba ile. Mafundi wawe watano au kumi, wote hupima kwa hicho, na nyumba ikikamilika kijiti hutundikwa nyuma ya mlango. Kapteni aliondoka, na chuma chake kikaondoka naye. Ukuta upo, haujapata ufa. Wageni wanaokuja kuutazama huziona ngazi zile, wakauliza ni fundi gani aliyekosea. Huwa tunawajibu kwamba hapana aliyekosea. Ukuta wetu ulihesabiwa na watu wawili, na hesabu zote mbili zilikuwa za kweli.